SR-22 si bima: leseni iliyofungiwa Marekani inarudije?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Marekani kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kila baada ya miezi kadhaa. Msemaji hubadilika, maneno ni yale yale: ukifungiwa leseni usihangaike, nenda kwa wakala wa bima ununue SR-22, ni kama dola 25 tu, kesho yake uko barabarani. Chini yake majibu yanamiminika. Mmoja anasema alilipa na polisi wakamkamata vilevile. Mwingine anasema hana gari, kwa hiyo hayamhusu. Wa tatu anashauri kuhamia jimbo jingine. Wa nne anauliza kama leseni ya Kenya inaweza kumvusha kwa muda. Karibu kila jibu lina kipande cha ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ubishi hauishi.

Kwa kifupi, SR-22 ni fomu ambayo kampuni ya bima huituma kwenye idara ya leseni kuthibitisha kwamba dereva ana bima; nitaieleza zaidi chini. Kabla ya yote, Marekani haina sheria moja ya leseni za udereva. Kila jimbo lina yake, na idara yake. Kwingi idara hiyo inaitwa DMV. Texas ni DPS, Idara ya Usalama wa Umma. Hapa nitaegemea Texas, kwa kuwa Waswahili wamejaa Houston na Dallas na maswali mengi yanatoka huko. Majimbo mengine nitayagusa pale yanapotofautiana sana. Kama unaishi Ohio au Arizona, shika jinsi mambo yanavyofanya kazi, kisha tarakimu ukazitafute kwenye tovuti ya jimbo lako.

Kufungiwa, kufutiwa, kunyimwa

Watu husema "wamenichukulia leseni" wakimaanisha mambo matatu tofauti.

Kufungiwa ni leseni kusimamishwa kwa muda, au mpaka utimize masharti fulani. Leseni ipo, ila haina nguvu. Kufutiwa ni kuondolewa kabisa: muda ukiisha unaomba upya, na huenda ukarudia mitihani. Kunyimwa upya ni pale leseni inapoisha muda wake na idara inakataa kuitoa nyingine, mara nyingi kwa sababu kuna tiketi hukulipa au siku ya mahakama hukutokea. Huyu wa tatu hahitaji SR-22 hata kidogo. Anahitaji kwenda kwenye mahakama iliyotoa tiketi, amalizane nayo, na mahakama iiarifu idara. Wapo waliokwenda kukata bima ya gharama kubwa kwa ajili ya tatizo ambalo karani wa mahakama angelimaliza.

Jambo jingine linalowapiga chenga wengi: kinachofungiwa si ile kadi tu. Sheria ya Marekani inachukulia kuendesha gari kuwa ruhusa inayotolewa na jimbo, na ruhusa hiyo inaweza kusimamishwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na leseni ya jimbo hilo. Kwa hiyo leseni ya Nairobi au Dar es Salaam haikuokoi. Ukishafungiwa Texas, umefungiwa kuendesha Texas, kadi yoyote uliyo nayo mfukoni. Kile kitabu kinachoitwa leseni ya kimataifa ndiyo kabisa, maana ni tafsiri tu ya leseni ya nyumbani na hakisimami peke yake. Isitoshe, aliyehamia Texas ana siku 90 tu za kutumia leseni ya alikotoka kabla hajatakiwa kuchukua ya Texas.

Karatasi yenyewe

Sasa SR-22. Nyumbani tumezoea kwamba bima ni ya gari: unakata, unapewa stika, trafiki akikusimamisha anaikagua, mmemalizana. Marekani nako kuna kadi ya bima ya kumwonyesha polisi. SR-22 ni kitu kingine. Huibebi wala huibandiki popote. Ni fomu ambayo kampuni ya bima inaituma kwenye idara ya leseni, ikithibitisha kwamba mtu huyu, kwa jina na tarehe yake ya kuzaliwa, ana bima ya kulipia madhara atakayowasababishia wengine, na kwamba bima hiyo ikikatika kampuni itaiarifu idara.

Ifikirie kama mdhamini mahakamani. Mtuhumiwa anaachiwa kwa sababu kuna mtu anayejulikana amesaini kwamba atakuwepo, na akitoroka mdhamini atatoa taarifa. Kampuni ya bima imekusainia mbele ya jimbo kwa namna hiyo. Tofauti yao ni kwamba mdhamini anaweza kupoteza fedha zake ukikimbia, ilhali kampuni haipotezi kitu. Inabofya tu, fomu nyingine inayoitwa SR-26 inakwenda idarani kusema "huyu hatuko naye tena", na leseni yako inafungwa upya.

Kwa hiyo anayesema amenunua SR-22 kwa dola 25 hasemi uongo, anasema nusu. Hizo ni gharama za kutuma fomu, ambazo kwa kampuni nyingi hazizidi dola 50. Mzigo wenyewe ni bima iliyo nyuma ya fomu, na kosa lililokufikisha hapo ndilo linaloipandisha. Kampuni nyingine hazitumi SR-22 kabisa, nyingine zitakutuma kwa upole ukatafute kwingine. Na hakuna mtu binafsi anayeweza kukuuzia SR-22 kwenye kundi la WhatsApp. Fomu hutoka kwa kampuni ya bima iliyoruhusiwa kufanya kazi katika jimbo, moja kwa moja au kupitia wakala wake. Ukitumiwa picha ya karatasi na mtu asiyeweza kukuambia namba ya bima yako ni ipi, umeibiwa.

Texas inasema waziwazi kwamba kadi ya bima, au hata mkataba wenyewe wa bima, haukubaliwi badala ya SR-22. Hii inawaudhi watu na ninawaelewa. Mtu ana bima halali, ameilipia, anayo mkononi, na bado anaambiwa hajatimiza sharti. Lakini idara haiulizi kama una bima leo. Inataka kujua nani atakayeiambia siku ambayo hutakuwa nayo.

Namba 30/60/25

Wakala atakuuliza unataka kiasi gani cha bima, na usipojua namba hizi utasaini usichokielewa. Kima cha chini cha Texas ni 30/60/25, nacho kimekuwa hivyo tangu 2011. Ni maelfu ya dola. Ukimgonga mtu na kosa ni lako, bima italipa hadi dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, isizidi dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na hadi dola 25,000 kwa mali uliyoharibu, kama gari la mwenzako au uzio wa nyumba ya watu.

Chukua ajali moja. Gari uliloligonga lilikuwa na watu watatu, matibabu ya kila mmoja ni dola 28,000. Hakuna aliyevuka 30,000, lakini jumla ni 84,000 na bima inaishia 60,000. Zile 24,000 zilizobaki ni zako. Majeruhi wanaweza kukushtaki, wakapata hukumu, na hukumu hiyo isipolipwa inaweza yenyewe kukufungia leseni na kuleta SR-22. Ndiyo sababu bima ya kima cha chini inatosha kurudisha leseni lakini haitoshi kukuacha ulale usingizi.

Pia hii ni ile ambayo Tanzania tunaiita bima ndogo: inawalipa wengine tu. Gari lako likiharibika ni shauri lako. Kama gari lina mkopo, benki itataka bima kubwa, na SR-22 haibadilishi hilo.

Namba hutofautiana na hubadilika. California ilikaa miaka mingi kwenye 15/30/5, kisha kuanzia Januari 1, 2025 ikapanda hadi 30/60/15. Florida na Virginia wana fomu kali zaidi iitwayo FR-44 kwa waliopatikana na hatia ya kuendesha wakiwa wamelewa. Florida inadai 100/300/50, Virginia inadai mara mbili ya kima chake cha chini. Ukiwa huko na wakala akakutumia SR-22 ya kawaida wakati barua ya idara inataka FR-44, umepoteza muda na pesa.

Nani anadaiwa

Texas, sababu za kawaida ni tatu: kuhukumiwa kwa kuendesha ukiwa umelewa, kuhukumiwa mara ya pili kwa kuendesha bila bima, na kushindwa kulipa hukumu ya mahakama iliyotokana na ajali.

Hiyo ya pili ndiyo inayowapata wengi wetu, na inaanza kwa mambo madogo. Tiketi ya kwanza ya kukosa bima ni faini ya kati ya dola 175 na 350. Mtu analipa kwa simu, anasahau. Hajui kwamba kulipa ni sawa na kukiri kosa, na kwamba hukumu ya kwanza sasa iko kwenye rekodi yake. Baada ya miaka kadhaa anasimamishwa tena bima ikiwa imekatika, analipa tena, na safari hii barua ya kufungiwa inatumwa.

Inatumwa wapi? Kwenye anwani iliyo idarani. Sheria ya Texas inakupa siku 30 kubadilisha anwani baada ya kuhama, na sisi watu wa kuhama apartimenti kila mkataba unapoisha ni wangapi tunaokumbuka? Barua inaangukia kwenye sanduku la ghorofa ya zamani, mpangaji mpya anaitupa, na kisheria umeshaarifiwa. Wengi hujua wamefungiwa pale polisi anaporudi dirishani akiwa na sura tofauti na aliyokwenda nayo.

Kwa ulevi kuna mambo mawili yanayokwenda kwa wakati mmoja, na watu huyaona kama moja. Kuna kesi ya jinai mahakamani, na kuna hatua ya idara yenyewe ya kukufungia leseni kwa kushindwa kipimo au kukikataa. Kwa hii ya idara una siku 15 tu tangu upewe notisi ya kufungiwa kuomba usikilizwe. Usipoomba, leseni inafungwa kuanzia siku ya 40: siku 90 kwa aliyeshindwa kipimo mara ya kwanza, siku 180 kwa aliyekataa kupimwa. Kuna wanaongoja "siku ya kesi" bila kujua kwamba nusu ya vita imekwisha bila wao. Na kwa aliye kwenye safari ya uraia: hukumu mbili za ulevi barabarani katika kipindi kinachoangaliwa zinachukuliwa, kwa uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa 2019, kuwa dalili ya kukosa mwenendo mwema, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Hapo mwone wakili wa uhamiaji kabla hujakiri chochote, si wakala wa bima.

Hairudi yenyewe

Imani iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba siku zikiisha leseni inafunguka. Umefungiwa siku 90, siku ya 91 unawasha gari. Hapana. Muda ni sharti moja tu kati ya kadhaa, na leseni inabaki imefungwa mpaka masharti yote yatimie, hata kama ni miaka mitano baadaye.

Anza kwa kutazama hali yako. Texas ina ukurasa wa mtandaoni ambapo unaingiza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya usalama wa jamii. Hapo utaona kila kizuizi kwa jina lake na kila kinachotakiwa. Mtu aliyedhani ana tatizo moja hukuta matatu: hukumu ya bima inayotaka SR-22 na ada ya dola 100, kizuizi cha ulevi chenye ada yake ya dola 125, na tiketi ya mwendo kasi ya mji mdogo wa njiani ambayo haijawahi kulipwa. Kila kizuizi kinaondolewa kwa njia yake. Kulipa ada zote za idara hakugusi ile tiketi, na kulipa tiketi hakutumi SR-22.

Wengine bado wanaogopa kuufungua ukurasa huo kwa sababu ya madeni ya zamani. Texas iliwahi kuwa na mpango wa kutoza madereva ada za kila mwaka juu ya faini za mahakama, na watu walizama ndani yake. Mpango huo ulifutwa Septemba 1, 2019, na ada zilizokuwa zinadaiwa zikafutwa pamoja nao. Aliyefungiwa kwa ajili ya hizo tu amekuwa akipanda basi bila sababu miaka yote hii.

Ukishalipa na fomu ikatumwa, usiendeshe siku hiyo hiyo. Nyaraka huchukua siku, wakati mwingine wiki, kuingia kwenye mfumo. Rudi kwenye ule ukurasa hadi usome kwamba unaruhusiwa. Yule bwana wa WhatsApp aliyekamatwa baada ya kulipa huenda alilipa kweli, ila kompyuta ya polisi ilikuwa haijajua.

Na kukamatwa katika hali hiyo si jambo dogo. Kuendesha ukiwa umefungiwa Texas ni kosa la jinai. Mara ya kwanza, bila mengine, ni faini isiyozidi dola 500. Lakini kama wakati huo huo huna bima, au ulikwishahukumiwa kwa kosa hilo, au ulifungiwa kwa ajili ya ulevi, linapanda daraja: hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000. Angalia jinsi mambo yanavyofuatana. Aliyefungiwa kwa kukosa bima ndiye hasa ambaye ana uwezekano wa kukamatwa bila bima tena.

Sina gari

Hata hivyo SR-22 utaihitaji, kama unataka leseni. SR-22 inamfuata dereva. Kuna bima ya dereva asiye na gari, nayo inakulinda unapoendesha gari la kuazima mara moja moja. Kwa kawaida ni rahisi kuliko bima ya mwenye gari, na SR-22 inaweza kutumwa juu yake.

Lakini haifanyi kazi kwa gari lililopo nyumbani unalolitumia kila siku. Mume anakata bima ya asiye na gari, ilhali mke ana gari barazani na funguo zinaning'inia jikoni. Kampuni ikigundua itakataa kulipa. Kinyume chake nako kuna mtego. Ili bima ya mke isipande, wakala anapendekeza mume aondolewe kwa jina. Texas karatasi hiyo inaitwa 515A, na mke anaisaini bila kuisoma kati ya karatasi nyingine kumi na mbili. Maana yake ni kwamba mume akiendesha gari lile, hata kumpeleka mtoto hospitali, bima haipo. Siyo kwamba imepungua, haipo. Nimeketi mezani na watu nikiwatafsiria mikataba yao, na hiyo ndiyo karatasi ninayoitafuta kwanza.

Kuhamia jimbo jingine

Shauri la kuhama lina kipande chake cha ukweli: yapo majimbo yasiyotumia SR-22, yakiwemo Minnesota, New York, Pennsylvania na Kentucky. Ndipo mtu anapofungasha Houston na kwenda Louisville akidhani ameacha tatizo nyuma.

Kuna daftari la taifa la madereva wenye vizuizi, linalosimamiwa na serikali kuu, na kila jimbo hulitazama kabla ya kutoa leseni. Jina lako likijitokeza kwamba umefungiwa Texas, Kentucky itakurudisha ukamalizane na Texas kwanza. Kama Texas inadai SR-22, itaendelea kuidai kwako hata ukiwa unaishi jimbo lisiloijua. Utakachofanya ni kutafuta kampuni iliyo tayari kuituma Texas ilhali wewe uko Kentucky. Zipo, ila uliza hilo kabla hujatoa namba ya kadi.

Kazi

Kwa wanaohitaji gari ili wale, Texas ina leseni ya dharura ya kazi. Haitolewi dirishani kwa ombi la kawaida. Unakwenda mahakamani, hakimu anaandika amri inayosema uendeshe wapi, siku gani na saa ngapi. Kawaida ni jumla ya saa nne kwa siku, na ukionyesha haja inaweza kufika 12. Amri yenyewe inatumika kama leseni kwa siku 45 wakati idara inashughulikia kadi, na lazima uwe nayo garini. SR-22 inatakiwa hapa pia, kwa hiyo wasiseme watu kwamba ni njia ya kuikwepa.

Madereva wa malori, nanyi ni wengi, hii haiwasaidii kwa lori. Leseni hiyo hairuhusu gari la biashara, na sheria ya serikali kuu inayakataza majimbo kumpa leseni ya dharura ya lori mtu aliyezuiwa. Halafu kuna jambo ambalo wengine hulisikia wakiwa wamechelewa: ukihukumiwa kwa kuendesha umelewa ukiwa na gari lako dogo, Jumamosi usiku, ukitoka harusini, leseni ya lori inazuiwa mwaka mzima. Mwajiri hana la kufanya. SR-22 itakurudishia gari dogo, lori litangoja.

Mwezi ambao hakuna anayeukumbuka

Wiki ya kwanza watu huwa makini. Wanapiga simu, wanalipa, wanahifadhi risiti. Shida huja baadaye, maisha yanapokuwa yamerudi kawaida.

Kadi ya benki imeisha muda na malipo ya mwezi hayakupita. Kampuni ilituma barua pepe, nayo ikazama kati ya matangazo. Au rafiki amekuonyesha bima ya bei nafuu, ukaikatisha ya zamani Ijumaa na mpya ikaanza Jumatatu. Au umepeleka gari Mombasa kwa meli, ukaona huna haja ya bima miezi miwili. Katika kila hali hiyo kampuni ya kwanza inatuma taarifa idarani. Texas inaeleza kwamba SR-22 ikifa kabla ya muda, ruhusa yako ya kuendesha na usajili wa gari vyote vinasimamishwa. Majimbo mengine yanakwenda mbali zaidi na kuanza kuhesabu muda upya kutoka mwanzo.

Ukitaka kubadili kampuni, badili. Ni haki yako na mara nyingi kuna nafuu. Ila mpya ianze kwanza, itume SR-22 yake, uone imepokelewa, ndipo uikatishe ya zamani. Siku mbili tatu za kulipia bima mbili ni gharama ndogo kuliko kuanza tena. Na ukiweza kulipa miezi sita kwa mkupuo, lipa. Kampuni nyingi hupunguza bei kidogo, nawe unakuwa na tarehe mbili tu za kukumbuka kwa mwaka badala ya 12. Ukisafiri nyumbani kwa muda mrefu, iache bima iendelee kulipwa. Inauma kulipia gari lililosimama, najua.

Muda wenyewe Texas ni miaka miwili, na huhesabiwa kuanzia tarehe ya hukumu ya karibuni zaidi, si siku uliyokata bima. Majimbo mengi mengine ni miaka mitatu. Ukifika mwisho hakuna atakayekuandikia kukupongeza, na kampuni haitaiondoa fomu bila kuombwa. Hakikisha tarehe kwa idara, si kwa wakala na si kwa hesabu ya vidole, kwa kuwa anayeiondoa wiki moja mapema anafungiwa sawasawa na aliyeacha kulipa. Idara ikithibitisha kwamba hudaiwi tena, mwandikie wakala aondoe SR-22 na uombe jibu la maandishi. Bima yenyewe usiikatishe siku hiyo. Ile hukumu bado iko kwenye rekodi na bei haitashuka kwa siku moja, lakini sasa hata kampuni zilizokuwa hazigusi SR-22 zinaweza kukupokea, kwa hiyo zipigie tatu au nne uulize bei kabla ya kuongeza miezi sita mingine.